Brashi ya Melesi

Jumatatu, 4 Machi

Bakuli limevunjika. Lile la povu, la kaure ya buluu. Nilikuwa nimelishika kwa mkono wa kushoto, nazungusha brashi kwa wa kulia, na mkono wa kulia ukaruka — sijui niseme nini, uliruka tu — ukalipiga, likaenda sinkini. Vipande kila mahali.

Mama Pacha akauliza kutoka jikoni, kuna nini huko? Nikasema sabuni, imeteleza. Tumeoana tangu ujana na bado nadhani anaweza kudanganyika kirahisi hivyo.

Nimeamua: sinunui bakuli jingine. Bakuli linataka mikono miwili iliyotulia, mimi ninao mmoja. Nitatengeneza povu usoni moja kwa moja. Unalowesha uso, unapitisha kijiti cha sabuni kwenye ndevu, halafu brashi inafanya kazi juu ya ngozi yenyewe. Mkono mmoja unatosha. Tatizo ni brashi. Hii ya zamani ina nywele ndefu na chache. Kwenye bakuli ilivumilika, usoni inalala kama mgonjwa. Na inanyonyoka. Leo nimetema unywele wake kwenye chai.

Tena nimejiwekea sharti, na naliandika hapa nisije nikalikana. Asubuhi nikijinyoa bila kujikata, naenda kazini kushika rangi. Nikishindwa, sishiki. Mchoraji wa mabango asiyeweza kufuata taya lake mwenyewe kwa wembe atafuataje herufi?

Kazi iliyopo ni mlango wa kioo, ofisi ya mawakili. Neno MAWAKILI juu, chini yake majina mawili, rangi ya dhahabu. Yanaandikwa kwa ndani, kinyume, ili mtu wa nje ayasome sawasawa. Kazi ngumu, naipenda. Iwe tayari Jumatano ya wiki ijayo, siku wanayofungua. Shemeji — mdogo wake Mama Pacha, nimemfundisha kazi tangu hajaota ndevu — alisema ataandika yeye, mimi nipumzike. Nikamjibu kwenye kioo naandika mimi. Nilimjibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Jumanne, 5 Machi

Povu kwa vidole. Ovyo! Sabuni ilikauka kabla sijafika shavu la pili. Nimejikata chini ya kidevu. Si sana. Nikajiambia huko si kujikata, ni kukwaruzika. Siku ya pili tu na sharti limeshaanza kupindishwa.

Mama Pacha: paka wa jirani kakupata? Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanipa pamba.

Ofisini nimepiga mistari tu. Mistari haina shida, kuna rula.

Jumatano, 6 Machi

Nimepita kwa Kipara. Kinyozi asiye na unywele hata mmoja kichwani — mwenyewe husema zake alizimaliza kwa kujifanyia mazoezi. Nilingoja mteja atoke ndipo niulize. Nilikuwa naona haya. Mimi, niliyeshika brashi maisha yangu yote, naulizia brashi ya kununua!

Kwanza akasema kaa hapo nikunyoe, bure, mzee mwenzangu. Nikakataa haraka mno. Akanitazama kupitia kwenye kioo chake, si usoni. Halafu akaendelea kukung'uta taulo kana kwamba hajaona kitu.

Maelezo yake, nisisahau. Kwa povu la usoni tafuta brashi fupi na nene. Nywele ziwe zimebanana, ukiibonyeza irudi yenyewe. Zile ndefu laini ni za bakuli. Nywele nzuri ni za melesi, zinashika maji. (Melesi ni nani? Mnyama wa nchi za baridi, ukoo mmoja na nyegere, ila huyu hana ukorofi, akasema.) Itanuka mwanzoni, nisiogope. Ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, la sivyo gundi ya ndani itaachia. Na nizungushe taratibu, nisisugue kama nasugua sufuria.

Na bei? Ile ya ghali kabisa, akasema, ni ya kuwaonyesha wageni, na wageni hawaonyeshwi bafu. Nichukue ya melesi wa kawaida, yenye nywele nyeusi-nyeusi. Inachoma kidogo, lakini hailali.

Hailali. Hiyo ndiyo ninayoitaka.

Leo sikunyoa kabisa. Nimekaa na ndevu zangu kama mtu aliyefiwa. Kwa hiyo sikushika rangi pia. Nilimwambia Shemeji kioo kina mafuta, kisafishwe upya. Akakisafisha. Hakuuliza.

Alhamisi, 7 Machi

Nimenunua!

Duka la vipodozi karibu na benki. Dada muuzaji akanitolea tatu juu ya kaunta.

Moja, melesi wa daraja la juu, ncha nyeupe, laini kama shavu la mtoto mchanga. Niliishika nikaitamani bila aibu. Nikaibonyeza — ikafunguka, ikalala, ikabaki imelala. Na bei yake! Nikairudisha kwenye boksi lake kwa heshima zote. Nyingine nywele za nguruwe. Dada alinong'ona aliponiambia, utadhani nguruwe mwenyewe yuko dukani anasikiliza. Bei rahisi, lakini ngumu, na ngozi yangu siku hizi ni ya kizee. Ya mwisho melesi wa kawaida, mpini mweusi wa plastiki. Fupi. Nene.

Nikamwomba alete zote za aina hiyo alizonazo. Akatoa macho. Nikazipanga mstari na kuanza kuzikagua, na kwa muda nikasahau mambo yote. Brashi ni brashi, iwe ya rangi au ya povu. Kwanza ncha: zikiwa zimekatwa kwa mkasi zinachoma, zikiwa na ncha zake za kuzaliwa zinapapasa. Halafu unavuta kidogo uone kama zinanyonyoka. Halafu unabonyeza ngozini, unaachia, unatazama inavyoinuka. Mbili zilikuwa zimekatwa vibaya. Moja ilikuwa na upara katikati, nikamkumbuka Kipara. Moja ikawa safi.

Yote hayo nilifanya kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni.

Dada akauliza, mzee, mkono umeumia? Nikamwambia baridi. Feni yake ilikuwa inazunguka kwa kasi yote na yeye anajipepea na kifuniko cha boksi.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi ya kuandika!

Niliiloweka kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, nikaikamua, nikalowesha uso. Inanuka zizi. Nikapitisha kijiti cha sabuni, nikaanza kuzungusha. Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo bado nalifikiria. Mkono ulikuwa unatetemeka kama kawaida. Lakini brashi haikujali. Ile mitetemo midogo midogo ilikuwa inaingiza sabuni ndani ya ndevu, na povu likapanda, zito, jeupe, mpaka masikioni. Sijawahi kupata povu kama lile, hata enzi za mkono mzima.

Nilijitazama muda mrefu. Nilifurahi, na furaha yenyewe ikaniuma.

Kisha wembe. Nikaegemeza kidole kidogo kwenye taya, nikajikaza kisabuni, nikashuka. Shavu moja. La pili. Chini ya pua. Kidevu. Safi! Hakuna hata tone.

Nikaenda na kushika rangi. Nimeandika MAWAKILI yote, kinyume, kwa mkono wangu. Nilikuwa natweta kama niliyepanda ngazi. Shemeji alikaa nyuma yangu ameshika kopo la dhahabu. Nilipomaliza sikutoka nje kuisoma. Nilijiambia rangi mbichi haisomwi. Uongo, naisoma mbichi siku zote.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefanya ujinga ambao hakuna mtu mwingine duniani angeufanya.

Jana jioni niliitoa brashi mpya nje, bombani, niioshe tena itoke harufu. Brashi za kazini nazo zilikuwa pale zinangoja kuoshwa. Nikaosha moja, nikaikung'uta, nikaichovya kwenye mafuta, nikainyoosha ncha kwa vidole, nikailaza. Ndivyo tunavyozitunza, mafuta yanazuia nywele zisikauke na kupinda. Nikachukua ya pili. Ya tatu. Mikono inafanya, kichwa kiko kwenye kioo cha mawakili.

Asubuhi nazungusha brashi usoni, hakuna povu. Nazidisha sabuni. Uji tu, unateleza. Nikainusa. Mafuta! Nimeichovya brashi ya ndevu kwenye mafuta ya mashine, nikaichonga ncha vizuri kabisa, tayari kwa kuandika bango.

Mama Pacha alinikuta nimekaa ukingoni mwa bafu na uso unang'aa kama sufuria. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, na kwa dakika ile tulikuwa vijana. Halafu akaacha kucheka. Akasema:

"Baba Pacha, wewe usahau jina langu, nitaelewa. Lakini wewe ukosee brashi? Unawaza nini?"

Nikasema kazi nyingi. Akakaa pembeni yangu. Akasubiri. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ningesema tu. Nikamuuliza kama ile sabuni ya vyombo inakata mafuta.

Akainuka akaniletea. Amenisaidia kuiosha, maji baada ya maji, vidole vyake vinapekua nywele zile kama anasuka. Mikono yake imetulia sana. Niliitazama nikaionea wivu, Mungu anisamehe.

Sikunyoa, kwa hiyo sikwenda kazini. Shemeji kasema hamna neno, atapita yeye kukagua kama dhahabu imekauka.

Jumapili, 10 Machi

Brashi imepona. Nimeitundika dirishani, nywele chini.

Pacha wamepiga simu, wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Wote wameuliza, baba, unaendeleaje? Mzima. Sawa baba, lakini unaendeleaje? Kwa nini waulize mara mbili?

Jumatatu, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilijinyoa vizuri. Povu zuri, wembe mzuri, sikujikata. Nilitembea kwenda kazini kifua mbele, kweli, kama bwana harusi. Nikafika kabla ya Shemeji. Nikasimama nje ya mlango, nikasoma: MAWAKILI.

Nzuri. Imenyooka. Si yangu.

Mguu wa K. Mimi mguu wa K nauteremsha mpaka chini na kuukata hapo hapo. Shemeji anauinua kidogo mwishoni, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Nimemkemea kwa hilo tangu anaanza, haachi. Na K ile pale, ya dhahabu, mguu umeinuka. Nikasogea karibu. Pembeni ya herufi kuna mikwaruzo ya wembe kwenye kioo, pale rangi ya kwanza ilipokwanguliwa. Yangu. Aliikwangua yote Jumamosi na kuandika upya.

Sikuingia ndani. Nilirudi zangu, lakini si kwa njia ya nyumbani. Nilipita duka la dawa, bango tuliloandika Januari. Nakumbuka niliandika mimi. Neno DUKA — mguu umeinuka. Nikaenda kwa fundi baiskeli. BAISKELI — mguu umeinuka. Bango lile ni la kabla ya mwaka mpya! Fundi akatoka na spana mkononi, akanisifu, mzee kazi yako hii watu wanasimama kuitazama. Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Miezi. Miezi yote hiyo naandika mchana, na mwenzangu anakwangua na kuandika upya. Na mimi napokea sifa.

Na sharti langu! Nilijiona mjanja. Nikinyoa, naandika. Lakini usoni nina mahali pa kuegemea, taya linanishika mkono. Kioo hakimshiki mtu. Hata ile fimbo ya kuegemezea mkono inatetemeka pamoja nami. Nilijitungia mtihani ninaoweza kuufaulu.

Nina hasira. Nina aibu mpaka masikio yanawaka. Na nikisema kweli tupu, kuna kitu kidogo ndani kimepumua.

Jumanne, 12 Machi

Nilimuuliza Shemeji tukiwa tunachanganya rangi. Sikumzungusha. Nikasema, K ya nani ile?

Akaweka kopo chini. Halafu:

"Shem, mimi umenifundisha wewe. Ningeanzia wapi kukwambia?"

Ungeanzia popote, nikasema. Akainamisha kichwa. Akaniambia si yeye aliyeanza kuona, ni dada yake. Aliona siku nyingi. Aliona vifungo vya shati, aliona ninavyoshika kikombe kwa mikono miwili. Alimwomba mdogo wake anifichie kazini, wateja wasijue, mpaka nitakapolisema mwenyewe. Alisema nisiumbuliwe. Alisema mume wangu ana shingo ngumu, tukimwambia atakataa na hospitali hatakanyaga. Tumwache aje mwenyewe. Pacha pia wanajua. Hata Kipara.

Kumbe mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui kwamba inajulikana.

Nilitaka kumgombeza. Nikaona mikono yake, kucha zimejaa dhahabu, na wiki nzima amesafisha kioo, amekwangua, ameandika, amenyamaza. Nikamwambia tu mguu wa K bado anauinua. Akasema najua, Shem. Akafuta macho kwa kiwiko.

Majina mawili hayajaandikwa. Wanafungua kesho mchana. Akauliza kesho nani anaandika. Nikafunika kopo la rangi.

Nyumbani tumekula. Simu lazima ilishapigwa, maana Mama Pacha hakuniuliza kazi ilikwendaje. Amepiga pasi shati langu jeupe, la kuvaa kwenye ufunguzi. Alipomaliza akavifungua vifungo vyote, kimoja kimoja, akaliacha wazi kwenye kiti.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi. Naandika bafuni, daftari juu ya ukingo wa sinki. Mwandiko wa chekechea.

Povu liko usoni. Brashi imefanya kazi yake, sina la kuilaumu, povu zito kila upande. Kisha nikachukua wembe. Mkono ukaruka. Nikaushusha, nikapumua, nikauinua. Ukaruka tena. Nikaegemeza kidole kwenye taya kama kawaida, na taya lenyewe likaanza kutetemeka. Nimeuweka wembe. Nimechukua penseli, angalau penseli haikati.

Naogopa. Nimeliandika. Naogopa hospitali na naogopa watakachoniambia, na zaidi ya yote naogopa kuamka siku isiyo na herufi.

Simu ya Mama Pacha inalia. Ni Shemeji, nasikia sauti yake hadi huku. Yuko mlangoni kwa mawakili, rangi imechanganywa, anauliza anisubiri au aanze.

Mama Pacha amefungua mlango wa bafu bila kubisha. Simu mkono mmoja. Amenitazama, nina povu mpaka masikioni na penseli kidoleni kama karani. Hakucheka. Ameuliza, amjibu nini mdogo wake? Ameiweka simu rafuni, haijakatwa, Shemeji bado yuko hewani, nasikia gari likipita huko kwake. Ameleta kigoda. Ameosha mikono. Amenyoosha kiganja, na wembe nimempa.

Sasa anauliza aanzie shavu lipi, na Shemeji anaita, haloo, haloo, na povu linaanza kukauka. Mama Pacha anasema niweke penseli chini, niinue kidevu